Popo wa Pangoni na Popo wa Darini: Maswali ya Barazani

Jumamosi baada ya laasiri tulikaa barazani Mji wa Kale, Mombasa, kuzungumza habari za kipindupindu na maji ya visima. Hatukufika mbali. Kijana mmoja alikuja na kopo la mafuta ya kupikia, amelifunika kwa kipande cha bati, ndani mna popo. Maji yakasahauliwa papo hapo. Maswali yafuatayo niliulizwa siku ile, mengine nikaletewa kwa simu usiku. Majibu nimeyanyoosha kidogo, maana barazani nilikuwa nikijibu huku nikimkataza yule kijana asitie mkono koponi.

Mwanangu, hawa popo wa darini kwangu ndio walioleta korona?

La, bibi. Wanaojibana chini ya mabati na kwenye nyufa za dari hapa mjini aghalabu ni popo wa mkia huru: wadogo, rangi ya kahawia, mkia umechomoza kama wa panya, na harufu yao ukishaijua huisahau. Wanaoangusha kungu juu ya paa usiku wa manane, ukaamka asubuhi ukakuta uani kumejaa kokwa zilizotafunwa, ni popo wa matunda. Hao wana macho makubwa na uso kama wa kijibwa. Popo anayetajwa kwenye habari za korona ni wa tatu, na maskani yake hasa ni mapangoni.

Yule wa koponi alikuwa wa mkia huru. Watu kadhaa walionekana kuvunjika moyo.

Basi huyo wa korona anafananaje?

Kwanza tusimwite hivyo. Kiswahili cha mtaani hakina jina lake. Kwetu popo ni popo. Wataalamu humwita *Rhinolophus*, neno la Kigiriki lenye maana ya pua yenye kishungi. Mimi nitamwita popo pua-kwato, na sababu iko usoni mwake.

Nilimwona mmoja kwa karibu katika pango la Kwale, kwa mwanga wa tochi wa sekunde chache. Kuzunguka matundu ya pua kuna ukingo wa nyama uliopinda kama kile chuma anachopigiliwa farasi kwatoni. Katikati pametokeza kijinundu, na juu yake, kati ya macho, imesimama ncha kama ya mkuki. Macho ni madogo, utadhani punje za ufuta. Masikio hayatulii: moja linaelekea mbele, jingine nyuma, kwa kasi ambayo jicho langu halikuweza kuifuata. Alikuwa ananing'inia kwa miguu, peke yake, kajifunika mabawa mwili mzima kama mama aliyejitanda buibui. Popo wa mkia huru halali hivyo. Yeye hujisokota kwenye ufa na wenzake.

Pua ile ina kazi. Popo wengi hupiga sauti kwa mdomo, huyu hupiga kwa pua, na zile nyama huielekeza sauti mbele kama mtu anavyokusanya viganja mdomoni akimwita mwenzake ng'ambo ya kivuko. Hatuisikii. Sikio la binadamu huishia kwenye kilohezi 20 hivi; pua-kwato mkubwa wa Ulaya huimba kwenye 80 na kitu. Na huimba noti moja ndefu, haipandi wala haishuki, isipokuwa mwanzoni na mwishoni kidogo.

Hapa ndipo ninapompenda. Ukisimama Makupa, gari la wagonjwa likija king'ora chake ni chembamba. Likishakupita sauti inakuwa nzito, ingawa dereva hajagusa kitu. Popo akiruka kuelekea ukuta hupatwa na hali hiyo hiyo: mwangwi unamrudia ukiwa juu zaidi ya alivyoutoa. Yeye huteremsha sauti yake kiasi kile kile, ili mwangwi urudi palepale ambapo sikio lake ni kali kuliko pote. Mdudu akipiga mabawa mbele yake, ile noti iliyonyooka inatikisika, naye anajua kuna chakula. Anafanya hesabu hiyo gizani, katikati ya majani, na uzito wake wote unaweza kuwa gramu chache tu, kama vijiko viwili vya sukari. Wakubwa wao kabisa hufikia gramu 30 hivi.

Wako wapi? Wako hapa kwetu?

Wako. Duniani wamekwisha tambuliwa aina zaidi ya 100, kuanzia Uingereza na Morocco hadi Japani na Australia. Waliko wengi kwa aina ni Asia ya Kusini-Mashariki, na Afrika pia haikupungukiwa. Mabara ya Amerika hayana hata mmoja. Hata Madagaska, ng'ambo tu ya bahari yetu, hawapo.

Pwani hii imewafaa kwa sababu ya jiwe lake. Kisiwa cha Mombasa na ufuo wote kuteremka hadi Vanga umekaa juu ya matumbawe ya kale, na matumbawe huliwa na maji ya mvua mpaka yakawa matundu, mashimo, kisha mapango. Shimoni, kusini mwa Kwale, imepata jina lake humo humo. Miongoni mwa pua-kwato wa ukanda huu yuko *Rhinolophus deckenii*, ambaye makao yake ni Afrika Mashariki. Mwingine, *Rhinolophus hildebrandtii*, alielezwa kisayansi mwaka 1878 kutokana na popo aliyepatikana Taita. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu walidhani ni aina moja iliyoenea hadi kusini mwa Afrika. Mwaka 2012 wataalamu wakapambanua aina nne mpya katika kundi lake. Kwa hiyo ile idadi ya 100 na ushei msiikariri sana. Inaongezeka.

Wananyonya damu?

Hapana. Popo wanaokunywa damu ni aina tatu tu duniani na wote wako Amerika, kuanzia Meksiko kuteremka hadi Amerika ya Kusini. Pua-kwato hula wadudu: nondo (wale wa taa, si wa kujengea), mbawakawa na wengineo.

Sasa tuambie kweli: korona ilitoka kwao au haikutoka?

Asili ya jamaa za kirusi kile, ndiyo, ni kwa pua-kwato wa Asia. Njia kiliyopita mpaka kikamfikia binadamu bado ina ubishi, nami sitaumaliza barazani.

Anzeni na SARS ya mwaka 2002 na 2003, ugonjwa wa mapafu ulioletwa na kirusi ndugu wa hiki cha korona. Ilianzia Guangdong, China, ikawapata watu zaidi ya 8,000 na kuua 774. Fungo waliokuwa wakiuzwa sokoni walikutwa na kirusi, wakalaumiwa. Mwaka 2005 watafiti wakapata virusi vya ukoo ule ndani ya pua-kwato wa China. Ilipokuja COVID-19, kirusi kilichofanana nayo kwa asilimia 96 kilikuwa tayari kimeonekana katika sampuli ya pua-kwato iliyochukuliwa Yunnan mwaka 2013, na baadaye Laos kikapatikana kilichokaribia 97.

Asilimia 96 inasikika kama pacha. Siyo. Sisi na sokwe tunafanana karibu asilimia 99 na hakuna aliyemkosea sokwe akamwita binamu sokoni Kongowea. Kirusi cha korona kina herufi za urithi kama 30,000. Tofauti ya asilimia 4 ni herufi kama 1,200, na kwa kirusi hiyo ni miongo ya kuachana njia.

Na wa kwetu? Pua-kwato wa Kenya aliyepimwa kwa sampuli ya mwaka 2007 alikutwa na kirusi cha ukoo wa SARS. Kwa kilivyo, hakikuweza kushika kile kitasa cha seli ya binadamu ambacho COVID-19 hukifungua. Lakini maabara ilipobadilisha sehemu mbili tu za ufunguo wake, kilishika. Ndiyo maana nawaambia popo wa pangoni aachwe pangoni: huko alipo hajamkohoa mtu wa Majengo wala wa Likoni.

Popo ana kichaa cha mbwa?

Hapa Kenya kichaa cha mbwa huletwa na mbwa, karibu mara zote. Huyo ndiye wa kuogopa kwanza, na mbwa wako umchanje.

Hata hivyo ugonjwa huu una ukoo. Mwaka 2009, katika pango la matumbawe hapa pwani, popo alikutwa amekufa na ndani ya ubongo wake mkawa na kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana, ndugu wa kile cha kichaa. Kimepewa jina la Shimoni, na ndivyo kijiji chetu cha wavuvi kilivyoingia kwenye vitabu vya virusi. Popo yule alikuwa wa pua-jani, mkubwa, jamaa wa karibu wa pua-kwato. Chanjo ya kichaa cha mbwa tuliyonayo haikingi vizuri dhidi ya ndugu hao wa mbali. Ukiumwa na popo utachanjwa vile vile, kwa sababu hakuna ajuaye ni kirusi kipi kilichokuwa mdomoni.

Wajukuu wanataka kwenda kuona mapango ya Shimoni. Niwazuie?

Usiwazuie. Lile la watumwa lina watembezaji, watu huingia na kutoka kila siku. Wavae viatu vya kufunika, wasishike kuta zenye kinyesi, wanawe mikono kabla ya kula zile mahamri ulizowafungia.

Pango lisilo na mtembezaji, lenye vumbi na kundi kubwa la popo juu, ni habari nyingine. Kwenye kinyesi kilichokaa huota kuvu ambaye mbegu zake huvutwa na pumzi. Wiki moja au mbili baadaye unapata homa, kikohozi, kifua kinabana, na picha ya mapafu inaweza kufanana na ya TB. Ukifika kwa daktari mwambie uliingia pangoni, bila kungoja akuulize, maana hatauliza. Tena mapango hayo wapo popo wa matunda wa mapangoni, ambao ndio hubeba kirusi cha Marburg, ugonjwa wa homa kali na kutokwa damu. Mwaka 1980 na 1987 watu wawili waliougua Marburg hapa Kenya, wakafa, walikuwa wametembelea pango la Kitum, Mlima Elgon. Wanaochimba kinyesi cha popo kwa mbolea ndio walio hatarini zaidi. Wao barakoa inayobana vizuri na glavu ni za lazima, leso ya puani haitoshi.

Kwa nini tusiwafukize moshi wakaisha?

Kwa sababu hawaishi, wanatawanyika. Popo aliyekuwa pango moja anahamia mapango matano na darini kwako. Na pua-kwato jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Huko Ulaya amewahi kupatikana aliyeishi miaka 30. Ukiua mamia leo, pengo hilo halizibiki upesi, na nondo wanaokula mimea shambani watakuwa wamepata nafasi.

Wa darini waondoe kwa adabu. Ngoja watoke magharibi, ziba matundu kwa waya au saruji, acha moja la mwisho mpaka una hakika hamna wachanga. Kinyesi kilowanishe kwanza kwa maji yenye jiki, kisha ndipo ufagie. Fagio kavu juu ya kinyesi kikavu ni kujitilia vumbi mapafuni.

Nikimkuta chumbani, au mtoto akiumwa?

Meno yake ni madogo mno, jeraha laweza lisionekane. Ukimkuta chumba alicholala mtoto mchanga au mtu mlevi, hesabu kwamba ameguswa. Osha mahali kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake majivu, mafuta ya taa wala kitunguu. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kama hakumgusa mtu, zima taa, fungua madirisha, toka, funga mlango. Akiwa chini mfunike kwa kopo, telezesha kadibodi chini yake. Yule kijana wetu alikuwa amemsukumia koponi kwa fagio. Nilimkagua mikono chini ya mwanga wa simu, nikamnawisha juu ya hivyo. Adhana ya magharibi ilipoanza tulilaza kopo juu ya ukuta mrefu wa uani, kwa kuwa popo wa mkia huru ni shida kwake kupaa akiwa chini. Alitambaa mpaka ukingoni, akajiachia kama jiwe, na kabla ya kufika kwenye ndoo za maji alikuwa ameshakata kona ya msikiti.