Kupanga gia kwa mkono hakuui giaboksi ya otomatiki

Madereva wengi huamini kwamba gari la otomatiki linalovuta tela liachwe kwenye D (gia ya kwenda mbele inayojibadilisha yenyewe) tu, eti kupanga gia kwa mkono kunaua giaboksi. Si kweli. Alama za 2 na L (gia ndogo), au zile za + na − (kupandisha na kushusha gia), kwenye mkono wa gia zimewekwa kwa kazi hiyo hasa. Ukipanda mlima mkali kama Kitonga kwenye D, gia hubadilika juu na chini kila mara, oili ya giaboksi inapata moto, na joto ndilo muuaji mwenyewe. Shikilia gia ndogo.

Kuteremka ndiko kunakonitia hofu zaidi: punguza mwendo kwanza, ingiza 2, injini izuie uzito wa tela kabla breki hazijaungua. Magari mengi ya kisasa hukataa gia itakayozidisha mzunguko wa injini kupita kiasi.