Kabla ya kuweka mbolea ku tomati, angalia kwanza njano imeanzia wapi

Karibu kila wiki napata foto ku WhatsApp, tomati imepandwa ndani ya bidoni iliyokatwa, imekaa kando ya dirisha ya salo, majani ya njano, na chini ya foto swali lile lile: "Papa agronomu, niweke mbolea gani?" Sijibu mara moja. Nauliza njano imeanzia wapi, chini ao juu.

Sababu vyakula vya mche kama azoti, potasi na manyeziamu vinahama ndani yake. Vikikosekana, mche unanyang'anya jani la zamani unapatia lile changa, njo maana chini kunaumia kwanza: azoti ikipunguka jani lote linapauka, manyeziamu jani linakuwa njano lakini mishipa inabaki kijani, potasi kando ya jani kunaungua kama karatasi iliyopita karibu na makala. Chuma na kalsiamu zenyewe zikishakaa zimekaa. Hizo ukiona shida, ni jani changa la juu njo linalia.

Sasa hapa Goma kuna kesi moja inarudi kila mara. Mama mmoja wa Himbi aliniita, majani ya juu ya tomati yake yamekuwa njano karibu nyeupe, mishipa kijani kama imechorwa na biki. Alikuwa ameshaweka ure, mbolea ya azoti, mara mbili, bure. Nikaangalia udongo, naona unga mweupe umeganda mpaka ku mdomo ya bidoni. Mama, maji unatoa wapi? Ziwani, kila siku.

Maji ya Kivu iko na pH karibu 9 (pH ni kipimo cha asidi, ikipanda asidi inapunguka), na chumvi nyingi imeyeyuka ndani. Inje mvula inaosha, mu nyumba hakuna mvula, kila kopo unayomwaga maji inakauka chumvi inabaki, na pH ikipanda chuma inakuwa iko mu udongo lakini mizizi haiwezi kuikamata. Ure yake ilikuwa inaongeza chumvi tu, masikini.

Tukatoboa bidoni chini (haikuwa na tundu hata moja, na hiyo pia ni ugonjwa), tukakinga maji ya mvula ku mabati, tukaipitisha polepole kama mara tatu ya ujazo wa bidoni, halafu mbolea tukaiacha kwanza. Nikamwambia, mama, jani la zamani uachane nalo, angalia linalochipuka. Kisha siku 10 hivi akanitumia foto: kajani kama ukucha, kijani.

Tunda likioza jeusi ku kitako, ni kalsiamu haifiki, na mara nyingi ni juu leo udongo umejaa maji kesho ni vumbi, kwa hiyo usikimbilie maganda ya mayai, yanachelewa sana kuoza. Zambarau chini ya majani inaweza kuwa fosfori imepunguka, ao baridi ya usiku tu, sogeza bidoni mbali na kioo kwanza. Na ule mche mrefu mwembamba unaoegemea dirisha, huo hauna njaa, unatafuta jua.