Jino la kahawia si kipimo

Mtoto akihamia Dar kutoka Arumeru, wilaya ya Arusha yenye maji ya floraidi nyingi, wiki haiishi shuleni kabla hajapewa jina la utani kwa sababu ya meno yake yenye madoa ya kahawia. Mama yake naye anaambiwa na majirani: msimamie apige mswaki.

Dhana: doa la kahawia ni uchafu.

Ukweli: doa hilo halikuganda juu ya jino kama masizi ya chai. Limo ndani ya gamba lake, yaani tabaka gumu la nje. Mtoto akinywa maji yenye floraidi nyingi (madini ya asili yanayoyeyuka majini) wakati jino bado linaumbika ndani ya taya, gamba huumbika likiwa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Kwa meno ya mbele ya kudumu, miaka 3 ya mwanzo ndiyo ya hatari zaidi. Kwa hiyo jino lililochomoza mtoto akiwa Mbagala na miaka 7 linasimulia maji ya Arumeru. Kulisugua kwa mkaa na limau ni kulichubua bure.

Dhana: likizidi weusi, ugonjwa umezidi.

Hii inawapotosha hata watu wazima wenye akili zao. Kipimo cha wataalamu wa meno Thylstrup na Fejerskov cha mwaka 1978, kinachopima floraidi imeathiri meno kiasi gani, kina namba 0 hadi 9, na kinachopandisha namba ni hali ya gamba. Namba 1 ni mistari myembamba myeupe. Namba 4, uso mzima wa jino umekuwa kama chaki. Kuanzia 5 gamba linaanza kubanduka na kuacha mashimo, na 9 jino limepoteza sehemu kubwa ya gamba hata umbo limebadilika. Rangi ya kahawia huja baadaye, jino likishatoka, vyakula na vinywaji vikipenya kwenye vile vitundu. Ndiyo maana mtoto wa namba 4 anaweza kuwa na meno meupe pee, na wa namba 3 akawa na doa la kahawia linaloonekana toka ng'ambo ya barabara.

Tena kabla ya kupewa namba hiyo, jino hukaushwa kwanza. Mate hujaza vitundu na kuficha weupe, kwa hiyo picha ya simu iliyotumwa WhatsApp haitoshi kutoa namba. Kipimo kingine cha zamani, cha mtaalamu wa meno Dean, kilichorekebishwa mwaka 1942, huangalia meno mawili yaliyoathirika zaidi. Yakitofautiana, huchukuliwa lenye nafuu. Ukipewa majibu, uliza yametumia kipimo gani.

Na si kila doa jeupe ni floraidi. Floraidi hupiga kulia na kushoto kwa pamoja. Jino moja tu lenye doa? Huenda mtoto alianguka akaumiza jino la utoto lililolitangulia.

Dhana: chemsha maji, floraidi itaisha.

Kuchemsha huua vijidudu. Floraidi hubaki, na maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Ulimi nao haupimi: chumvi ya visima vyetu vya Dar ni jambo jingine, floraidi haina ladha. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo huweza kuwa na floraidi, na hayo yanauzwa hata masoko ya Dar.

Dawa ya meno yenye floraidi usiitupe. Kiasi kidogo cha floraidi hulinda meno yasitoboke. Kwa mtoto chini ya miaka 3, weka ya ukubwa wa punje ya mchele, na umfundishe kutema.