Mwezi haukuwa mwekundu, lakini ulipatwa kweli

Kila kukitangazwa kupatwa kwa mwezi watu wanarusha picha ya mwezi mwekundu kwenye magrupu, usiku tunatoka nje tunaukuta mweupe kama kawaida, kesho yake utasikia "wametudanganya". Ijumaa ya tarehe 5 Mei 2023 ilikuwa hivyo hivyo.

Jamani hakuna aliyedanganya. Dunia ina vivuli viwili, kile cheusi cha katikati na kile hafifu kinachokizunguka, penumbra. Ungekuwa umesimama mwezini ndani ya penumbra ungeona dunia imeziba sehemu tu ya jua, kwa hiyo mwanga unapungua lakini hauishi, na huo wekundu unakuja mwezi ukizama wote kwenye kivuli cheusi. Siku ile ulipita kwenye penumbra tu.

Eti hakuna kitu cha kuona? Kuna, ila uwe na subira! Siku ile kwa saa zetu za Afrika Mashariki kilele kilikuwa saa 2:23 usiku, mwezi ukapita kusini kidogo ya kivuli cheusi bila kukigusa, kwa hiyo upande wake wa kaskazini, kushoto kwako ukitazama mashariki, ndio ulififia zaidi kama umepakwa moshi. Likija lingine piga picha kwa simu kabla na wakati wa kilele, mwanga uufunge usibadilike, alafu zilinganishe.

Na wanaosema ni ajabu ya nadra, mwaka 2020 peke yake zilitokea nne za hivi. Wajawazito nao watoke tu waangalie, hamna madhara yoyote.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba hivi vitu vinatokea ovyo ovyo. Vina mzunguko, unaitwa Saros, yaani kupatwa kunakofanana kunarudi kila baada ya miaka 18 na siku 11 hivi na masaa kama 8, na Wababeli wa kale walishaujua. Yale masaa 8 dunia inakuwa imezunguka theluthi moja zaidi, ndio maana ndugu wa tukio lile, yaani lililolitangulia kwenye mzunguko huo tarehe 24 Aprili 2005, lilitokea kwetu ni mchana hatukuliona. Familia hiyo ni Saros namba 141, ilianza 1608 na mpaka 2023 imetoa matukio 24, yote ya penumbra tu, ila taratibu mwezi unasogea kuelekea katikati ya kivuli. La 25 ni tarehe 16 Mei 2041, kilele mnamo saa 9:42 usiku kwa saa zetu, na hapo kwa mara ya kwanza mwezi utagusa kivuli cheusi, kipande kidogo tu cha pembeni.