Bomu la atomiki halikutoka ubaoni

Nafundisha fizikia ya nyuklia, na tangu itoke mwaka 2023 filamu ya Christopher Nolan kuhusu Oppenheimer, mwanafizikia aliyeongoza maabara ya bomu la Marekani, naulizwa jambo lile lile: "Fomula ya Einstein tunayo, urani ipo Afrika, kinachotushinda kutengeneza bomu ni nini?" Nimelisikia kwa wanafunzi, nimelisikia kwenye harusi, na juzi limetoka kwa mtu mwenye digrii ya uhandisi. Nimechoka kulijibu kwa mdomo.

Tuanze na E=mc² ili tuiache upesi. Hesabu hiyo haimfundishi mtu kutengeneza kitu chochote. Inasema tu kwamba nishati ikitoka, masi imepungua, na hilo ni kweli hata kwa mkaa unaowaka jikoni. Mlango ulifunguliwa na majaribio ya wanakemia Hahn na Strassmann mjini Berlin mwishoni mwa 1938, kisha wanafizikia Lise Meitner na Otto Frisch wakaeleza kilichotokea: kiini cha urani kimepasuka. Mwaka 1939 habari hizo zilikuwa kwenye majarida, na kila mwanafizikia wa Berlin, Paris, Leningrad au Tokyo aliweza kuzisoma. Heisenberg, mwanafizikia mkubwa wa Ujerumani, hakukosa elimu, lakini vita vya Ulaya viliisha kabla Wajerumani hawajapata hata kinu kimoja cha nyuklia chenye mmenyuko unaojiendesha wenyewe. Einstein naye alitia saini barua ya kwenda kwa Rais Roosevelt wa Marekani kuhusu uwezekano wa bomu hilo, Agosti 1939, kisha akanyimwa kibali cha kufanya kazi katika mradi wa Marekani wa kulitengeneza. Mazungumzo yake na Oppenheimer kuhusu hofu kwamba bomu lingewasha moto hewa ya dunia yametungwa kwa ajili ya filamu. Katika historia, Oppenheimer alimwendea mwanafizikia mwingine wa mradi, Arthur Compton.

Kazi yenyewe ilikuwa kupata maada. Katika kila atomi 1,000 za urani itokayo ardhini, kama 7 tu ndizo U-235, aina ya urani inayoweza kuendeleza mnyororo wa mipasuko. Karibu zote zilizobaki ni U-238, na hapa ndipo damu yangu inapochemka, kwa sababu vitabu vingi vinaandika kwamba U-238 haipasuki. Inapasuka! Neutroni, ile chembe ya ndani ya kiini, ikija na kasi kubwa huipasua bila shida. Tatizo ni kwamba neutroni nyingi zinazozaliwa katika mpasuko hugonga viini vya U-238 na kupoteza nishati kabla ya kupasua chochote, na zikishapungua kasi hazina tena uwezo wa kuipasua. Nyingine humezwa kabisa. Kila kizazi cha neutroni kinakuwa kidogo kuliko kilichokitangulia, na mnyororo unakufa. Ndiyo maana urani ya asili, hata ukiirundika ikafikia Kilimanjaro, hailipuki kama bomu. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "haipasuki" hawezi kuelewa kwa nini urutubishaji, yaani kuongeza kiwango cha U-235, unahitajika, na asipoelewa hilo ataendelea kutafuta fomula.

Na kuzitenganisha U-235 na U-238 ni balaa. Kikemia ni kitu kimoja. Tofauti ni neutroni tatu. Kule Oak Ridge, Tennessee, mitambo ya kiwanda cha Y-12 ilipindisha atomi moja moja ndani ya sumaku kubwa mno. Shaba ilihitajika vitani, kwa hiyo nyaya za sumaku zilitengenezwa kwa madini ya fedha yaliyoazimwa hazina ya Marekani, zaidi ya tani 13,000. Wasichana waliokaa mbele ya mita usiku na mchana hawakuambiwa wanatengeneza nini. Mradi mzima uligharimu karibu dola bilioni 2: zaidi ya nusu ilikwenda Oak Ridge, kama moja ya tano ikaenda Hanford kwenye vinu vya plutoni, elementi nyingine inayofaa kwa bomu, na Los Alamos, maabara ile tunayoiona kwenye filamu, ikapata takriban asilimia 4. Jasho lote la Oak Ridge lilitoa kilo 64 hivi za urani kwa bomu la Hiroshima. Iliyopasuka haikufika hata kilo moja.

Nolan alilielewa hili. Lile bakuli la kioo linalojazwa gololi kidogo kidogo, kuonyesha maada iliyokwisha kupatikana, ndilo fizikia bora kuliko zote katika filamu yake, na watazamaji wengi wanalipita.

Oppenheimer alifanya nini basi? Aliongoza, na aliongoza vizuri ajabu. Mwaka 1944 mwanafizikia Segrè wa maabara hiyo alipogundua kwamba plutoni ya vinuni hujipasua yenyewe kupita kiasi, bomu la mtindo wa bunduki, yaani kufyatua kipande kimoja kigonge kingine, halikuwezekana tena kwa plutoni, na maabara nzima ikapangwa upya ili kuibana plutoni kwa baruti kutoka pande zote. Hilo ndilo lililojaribiwa Trinity tarehe 16 Julai 1945. Bomu la Hiroshima, la urani, halikuwahi kujaribiwa kabla ya kutumika.

Ndiyo maana nina shaka na tarakimu zinazoandikwa vitabuni kana kwamba zilipimwa kwa rula. Rais Truman alitangaza kwamba bomu la Hiroshima lilikuwa na nguvu ya zaidi ya tani 20,000 za baruti ya TNT. Leo tunasema kama 15,000, na ukingo wa makosa bado ni mpana. Waliokufa Hiroshima hadi mwisho wa 1945 wanakadiriwa kati ya 70,000 na 140,000. Pengo hilo peke yake ni mji mzima wa watu, na vitabu vinachagua namba moja na kusonga mbele.

Sasa kuhusu "urani ipo Afrika". Barua ya Einstein yenyewe iliitaja Kongo ya Wabelgiji kuwa chanzo muhimu kuliko vyote. Mgodi ni Shinkolobwe, Katanga, karibu na Likasi, kwa watu wanaosema Kiswahili. Mawe yake bora yalifika asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati kwingine hata asilimia 1 ilikuwa bahati. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni iliyomiliki mgodi huo, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi New York, zikakaa ghalani Staten Island mpaka jeshi la Marekani lilipozinunua Septemba 1942. Waafrika walioyachimba na kuyabeba mawe hayo walishika madini yenye mionzi mikali kuliko yoyote niliyowahi kuwaruhusu wanafunzi wangu kuyakaribia. Filamu ina saa tatu na haiuonyeshi mgodi huo.

Muhula ujao somo la mpasuko naanza na ramani ya Katanga, nafuata Tennessee, halafu hesabu.