Kwa nini mhadhiri mmoja huona "vichwa vizito" pale mwenzake anapoona wanafunzi?

Je, wajua kwamba wahadhiri wawili wanaweza kufundisha darasa lile lile, wiki ile ile, mmoja akatoka akilalamika kuwa watoto hawa hawana vichwa, mwingine akasema wamechelewa tu kushika? Wanafunzi ni wale wale. Kinachotofautiana ni jibu ambalo kila mhadhiri amejipa kitambo: akili mtu huzaliwa nayo, au huongezeka kwa kufundishwa?

Mimi niliwapata wote wawili katika mwaka wangu wa kwanza, chuo kimoja hapa Unguja. Wa kwanza aliandika mlinganyo ubaoni, akatugeukia: "Somo hili lina wenyewe." Darasani mlikuwa na wenzetu wa Pemba walioshuka kwenye boti juzi tu. Tangu siku ile mikono haikunyooshwa tena, maana kuuliza ilikuwa ni kukiri kwamba wewe si miongoni mwa wenyewe. Wa pili alinirudishia jaribio lenye alama 38. Kwa penseli alikuwa ameuzungushia mstari wa tatu, pale nilipoiangusha alama ya kutoa, na pembeni ameandika: "Hadi hapa uko sawa. Anzia hapa, uniletee Alhamisi."

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha matokeo ya maprofesa 150 wa sayansi na hesabati na wanafunzi wao zaidi ya 15,000. Kwa maprofesa walioamini kuwa akili haibadiliki, pengo la alama kati ya wanafunzi weusi, Walatino na Wahindi Wekundu kwa upande mmoja, na wenzao weupe na wa asili ya Asia kwa upande wa pili, lilifika hadi mara mbili ya lile la maprofesa walioamini kuwa akili hukua. Imani hiyo ilieleza tofauti zaidi kuliko umri wa profesa, jinsia yake au miaka aliyofundisha. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba imani peke yake ndiyo sababu, lakini wanafunzi wenyewe walisema kwa maprofesa wa kundi la kwanza hamu ya kusoma iliwapungua.

Mtu aliyesoma sana anaingiaje katika imani kwamba akili haibadiliki? Nadhani ni kwa sababu amezungukwa na waliofaulu. Wenzake walioanguka njiani hawaoni tena, na zile usiku alizokesha na ukurasa mmoja amezisahau. Kilichomchukua miaka sasa anakiona chepesi, basi anayekwama mbele yake anaonekana ana kasoro. Kwetu huongezeka lugha. Mwanafunzi anafikiri kwa Kiswahili, anajibu kwa Kiingereza, na ule muda anaotafuta neno unahesabiwa kuwa uzito wa kichwa. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu nimewaona waliolieleza jambo vizuri kabisa nje ya mlango wa darasa, halafu ndani wakanyamaza.

Hata Alfred Binet, aliyetunga pamoja na Théodore Simon kipimo cha akili huko Paris mwaka 1905, alikitunga ili kuwatambua watoto wanaohitaji msaada. Baadaye aliwapinga waziwazi waliosema akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka.

Na sisi tulikuwa na mfano wetu. Zamani neno "chuo" lilikuwa na maana ya kitabu, ndiyo maana msomi huitwa mwanachuoni, na mpaka leo mtoto wa Wete au wa Makunduchi "anakwenda chuoni" kusoma Kurani. Kwenye mkeka mmoja huyu yuko kwenye alifu, yule yuko Juzuu Amma, mwingine karibu anahitimu. Maalim anamsikiliza mmoja mmoja. Ukikosea unaambiwa "rejea", na kesho unaanzia pale pale. Bakora zilikuwapo, sizisifu. Lakini mpango wenyewe unachukulia kwamba kila mtoto atafika, wanachopishana ni siku. Mwaka 1968 Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Chicago, alitoa hoja inayofanana na hiyo: wengi huweza kulimudu somo wakipewa muda unaowatosha na kusahihishwa wanapokosea. Chuo kikuu kimepanga kinyume. Muhula una tarehe yake, mtihani una siku yake, na ambaye siku hiyo imemkuta njiani anaandikiwa kuwa hakuweza.

Alhamisi niliipeleka ile karatasi. Mhadhiri aliisoma nikiwa nimesimama, akachukua penseli akauzungushia mstari wa sita. "Umesogea mistari mitatu," akasema. "Jumatatu."