Madoa Meusi Usoni: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wengi wanaofika kwa daktari wa ngozi kwa sababu ya mabaka meusi usoni huwa na matatizo mawili: mabaka yenyewe, na madhara ya vitu walivyojipaka ili kuyaondoa. Hilo la pili linaepukika kabisa, na linaumiza kuona jinsi lilivyoenea.

"Ni uchafu, sugua tu litatoka"

Doa jeusi si uchafu, wala si dalili ya damu chafu. Ni melanini, rangi ileile inayoipa ngozi yetu weusi wake, iliyozidi mahali fulani. Huchochewa na chunusi iliyotumbuliwa, kipele kilichokunwa, kuungua, jua, homoni za ujauzito, na kwa wengine vidonge vya uzazi wa mpango. Ngozi nyeusi ikichokozwa, hujibu kwa kuongeza rangi. Kwa hiyo anayejisugua shavu kwa dodoki kila asubuhi anaongeza kilekile anachotaka kukiondoa.

"Ndimu ni ya asili, haina madhara"

Asidi ya ndimu peke yake inatosha kuichoma ngozi ya uso. Lakini ndimu, hasa ganda lake, ina pia kemikali zinazounguza ngozi zikipigwa na jua. Mtu anajipaka asubuhi, anaenda zake sokoni. Baada ya siku moja au mbili uso unawaka, pengine na malengelenge, kisha inabaki michirizi myeusi inayofuata mlemle maji ya ndimu yalimotiririka kutoka shavuni hadi kidevuni. Michirizi hiyo huweza kukaa miezi. Liwa na manjano ni urembo wetu wa pwani na sina ugomvi navyo kwa asiyedhurika navyo, ila visitegemewe kufuta madoa.

"Ngozi nyeusi haihitaji kinga ya jua"

Ni kweli kwamba melanini hutukinga na kuungua kuliko watu weupe. Haitukingi na madoa. Kwa mwenye melasma, yale mabaka ya kahawia yanayotanda mashavuni, kwenye paji la uso na juu ya mdomo, hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huchochea rangi, na miale mingine ya jua hupenya kioo cha dirisha la daladala. Krimu ya kinga yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga ya jua) 30 au zaidi ndiyo mwanzo wa tiba. Inayofaa zaidi ni ile yenye rangi ya udongo, kwa sababu oksidi za chuma zilizomo huzuia huo mwanga unaoonekana. Ukikaa nje, paka tena kila baada ya saa mbili. Bei yake ni kubwa, najua. Kofia pana, mtandio na mwavuli vinasaidia sana, na asiyemudu krimu aanze navyo.

"Mkorogo wa dukani unatoa madoa kwa wiki moja"

Tabaka la juu la ngozi huchukua takriban mwezi mzima kujibadilisha. Kinachotakatisha uso kwa siku saba kinafanya hivyo kwa kuudhuru. Makopo yanayochanganywa dukani mara nyingi huwa na steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho) kali kama klobetasoli, haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi) isiyojulikana kipimo, au zebaki, ambayo kwenye lebo hujificha kwa majina kama calomel na mercurio.

Mwanzoni uso hung'aa kweli, na hapo ndipo mtu ananaswa. Baadaye steroidi hupunguza unene wa ngozi: mishipa midogo inaonekana, chunusi zinafumuka, ndevu zinaota kwa mwanamke. Akiacha ghafla, uso unawaka moto, naye anarudi kwenye kopo kutafuta nafuu. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka mingi bila usimamizi huweza kuleta weusi wa kibuluu wenye vipele vidogo, ambao ni mgumu mno kutibika. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza tangu 1975. Zebaki huharibu figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliripoti kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wao wa figo waliowachunguza walikuwa wakitumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado vinauzwa.

Daktari naye anaweza kuandika haidrokwinoni, ila kwa kipimo kinachojulikana, kwenye doa tu, kwa miezi michache, akikufuatilia. Ipo pia asidi ya azelaiki, ambayo hufaa hata kwa mjamzito, na tretinoini, ambayo mjamzito haruhusiwi. Nafuu huonekana baada ya wiki nane hadi kumi na mbili. Melasma ikirudi baada ya kufifia, haimaanishi dawa ilikuwa bandia. Ndivyo ilivyo, na jua huirudisha haraka. Ile ya ujauzito huweza kufifia yenyewe baada ya kujifungua, lakini si kwa kila mama.

Kuna doa moja ambalo watu hulipaka krimu miaka bila faida: la mviringo, jeusi ti, mara nyingi mdomoni au pembeni yake, linalowasha na kukolea upya palepale kila mtu anapomeza dawa fulani. Mara nyingi ni mzio, na dawa za salfa kama Septrin zinajulikana sana kwa hilo. Tiba yake ni kuijua dawa hiyo na kutoimeza tena.

Na doa lililofifia rangi na lisilosikia ukiligusa lisisubiri krimu yoyote. Linaweza kuwa ukoma, ambao unatibika.

Huhitaji kwenda mbali sana kupata mtaalamu. Kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimekuwa kikifundisha wataalamu tangu 1992, na baadhi yao wako katika hospitali za mikoa na wilaya. Ukienda, beba kila ulichokuwa ukipaka, hata kopo lisilo na lebo, pamoja na vidonge unavyomeza. Kama umekuwa ukipaka mkorogo kila siku, mwambie mapema, ili akupangie namna ya kuuacha bila uso kuumuka.